Ruzuku ndogo ziwe ndogo hata kwenye makaratasi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama wa dagaa hapa Ukerewe. Nanunua mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, alfajiri, naanika, nafunga magunia na kupeleka Mwanza kwa meli, au navuka Rugezi kwenda Kisorya na kushika barabara ya Bunda soko la huko likichangamka. Barua za magazetini si fani yangu. Ila kuna tangazo la ruzuku nimelikata nikalibandika ukutani, karibu na kalenda, na kila nikipita nalisoma, na kila nikilisoma hasira inanipanda upya. Mume wangu amesema ama nilibandue ama nikuandikie wewe.

Tangazo linasema zipo ruzuku ndogo kwa vikundi vya jamii vinavyofundisha watoto na vijana stadi za maisha nje ya darasa. Nilipolisoma mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Kikundi chetu kinafanya hicho hicho! Tuko saba, wanawake wanne na wavuvi watatu. Tunawafundisha watoto wa darasa la pili hadi la sita kuelea, kuogelea, kumwokoa mwenzao bila kuingia majini, kufunga mafundo ya kamba, na kulitazama wingu likijikusanya ziwani wajue kwamba leo mtumbwi haushuki. Halafu nikageuza ukurasa, nikayakuta masharti.

Nitayafikia. Kwanza nikueleze tulivyoanza, kwa sababu wanaogawa fedha hizi sidhani kama wameshawahi kuulizwa swali hilo na mtu anayetoka mwaloni.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, MV Nyerere ilitoka Bugolora na watu wa gulio, ikapinduka mita chache tu kabla ya kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Mengi yalisemwa juu ya kuzidisha abiria, na yaendelee kusemwa, maana kivuko chenyewe kilikuwa cha watu 101. Lakini mimi kinachonikaa kooni mpaka leo ni zile mita chache. Watu walikuwa wanawaona ndugu zao gatini. Najua waliofunikwa na chuma kuogelea kusingewasaidia. Sizungumzii hao. Nawazungumzia waliorushwa nje wakiwa hai na wazima wa afya, wasijue la kufanya na mikono yao.

Nayajua hayo kwa sababu yalishanipata. Miaka mingi kabla ya hapo, nikiwa na miaka 29, mtumbwi tuliokuwa tumepakia magunia ulipigwa wimbi la ubavu ukajaa maji. Nilizaliwa kisiwani, nimekulia kisiwani, maji ya kunywa, kufulia na kuogea yote nimeyachota ziwani, na sikuwa najua kuogelea hata hatua moja. Kilichoniokoa ni dumu tupu la mafuta ya taa la lita 20. Nililikumbatia kama mtoto mchanga. Mfuniko ulikuwa umelegea, kwa hiyo muda wote nilikuwa nimeufunika kwa kiganja, na mpaka leo nikiona dumu lisilo na mfuniko nakosa raha. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukinunua naye pamoja hakupata dumu.

Watu wa bara hushangaa nikisema hivi. Wanadhani kila mtu wa Ukerewe, wilaya ya visiwa 38, anazaliwa na mapezi. Wavuvi wengi tu hawajui kuogelea. Kijana wa kiume akijua, amejifunza kwa kutupwa majini na kaka zake huku wakimcheka. Msichana hata huko hatupwi. Yeye anatumwa na ndoo, anainama, anachota, anaondoka. Siku atakayoteleza, basi.

Mtoto wa jirani yangu aliteleza hivyo hivyo, pale pale tunapochotea maji. Alikuwa na miaka saba. Kina cha pale hakimfiki baba yake kifuani. Wenzake wawili walikuwepo na hawakusikia kitu, kwa sababu anayezama hapigi kelele kama watu wanavyofikiri. Anatafuta hewa, hana ya kupigia kelele. Hilo nalo tulikuja kujifunza baadaye. Meli ikizama inaandikwa gazetini mwako, Mhariri, na ni haki. Huyu hakuandikwa popote isipokuwa kwenye kumbukumbu za kijiji.

Baada ya msiba huo tukakaa. Mmoja wa wavuvi wetu aliwahi kufundishwa uokoaji alipokuwa akifanya kazi kwenye meli ya mizigo. Yeye ndiye mwalimu mkuu wetu, ingawa hajamaliza darasa la saba.

Darasa letu linafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, sasa taa za sola. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala mchana. Ndizo siku tunazowapata walimu wetu na mtumbwi wa kukodi kwa bei nafuu. Kwa mwezi tunapata asubuhi nne hivi, nyingine Jumamosi na Jumapili, nyingine likizo. Tunaingia majini saa 12 na nusu asubuhi na saa 2 watoto wako nje wamevaa nguo kavu.

Hiyo saa nayo ina sababu yake. Ziwa letu lina kichocho, na bwana afya alipotusikia alikuja juu: shuleni wanawaambia watoto wasiingie majini, sisi tunawaingiza! Alikuwa na haki ya kukasirika. Tulimkalisha, tukamwandalia chai, akatueleza kwamba vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua likishapanda, na kwamba konokono wenyewe wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Basi tukahama pale kwenye matete, tukaenda kwenye mchanga unaopigwa na wimbi, na tukarudisha saa nyuma. Tunahakikisha pia kila mtoto aliye kwenye daftari letu ameshasimamishwa kwenye ule mti wa kupimia urefu shuleni, unaoonyesha apewe vidonge vingapi, akapewa dawa za kichocho mwaka huo. Sitakudanganya kwamba hatari imekwisha. Lakini mtoto wa hapa anaingia ziwani kila siku ya Mungu, darasa liwepo au lisiwepo, na mara nyingi anaingia saa sita mchana, kwenye majani, na ndoo mkononi.

Somo la kwanza ni kupuliza mapovu. Mtoto anainama maji yakiwa kiunoni, anazamisha uso, anapuliza. Wengine wanamaliza asubuhi nzima wakikataa kulowesha pua. La pili ni kuelea chali, na hapo ndipo penye kazi. Masikio lazima yaingie majini, kidevu kitazame mbinguni, tumbo linyanyuliwe. Mtoto mwenye hofu anajikunja kiunoni kama anataka kukaa kwenye kigoda, na akishakaa anazama. Mimi naweka viganja viwili chini ya mgongo wake. Nahesabu kwa sauti. Kuna wakati nahisi mgongo umelegea, uzito unaondoka mikononi mwangu wenyewe, najua sasa maji yamembeba. Naendelea kuhesabu bila kumwambia kwamba nimeshaondoa mkono mmoja.

Somo ambalo wazazi hulipenda zaidi ni la dumu. Dumu la lita tano, mfuniko umekazwa, maji kidogo ndani ili liruke vizuri, kamba ya mita kumi imefungwa kwenye mpini. Mwenzako akizama husogei, unamtupia. Usipokuwa na dumu tafuta upondo, kasia, kanga iliyofungwa fundo, chochote kirefu, nawe ulale kifudifudi kwenye ukingo. Anayezama humkumbatia mwokozi wake na kwenda naye chini, na familia moja inazika wawili. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani pale Bukoba, watu 19 walifariki na 24 wakatoka hai, na waliotangulia kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Taifa zima lilimsifu kijana Majaliwa Jackson, na alistahili. Kila kijiji cha ziwa kina vijana wa namna ile, ila wengi hawajawahi kuambiwa hata hili la dumu.

Upande wa wasichana palikuwa na maneno. "Mtoto wa kike aogelee aende wapi?" mzee mmoja aliniuliza mbele za watu. Nikamjibu, baba, arudi nyumbani. Tulikubaliana wavae tisheti na suruali ya michezo, na majini wawe na sisi akina mama. Kule Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejistiri mwili mzima, na hakuna aliyepungukiwa kitu. Sasa katika daftari letu lenye watoto 60, wasichana ni 34.

Sasa nirudi kwenye masharti, na uniwie radhi nikipandisha sauti.

Wanataka kikundi kiwe na usajili wa miaka mitatu. Chetu kina mwaka mmoja na nusu. Wanataka hesabu za miaka miwili zilizokaguliwa na mkaguzi mwenye leseni. Tangu tuanze tumechanga na kutumia shilingi 430,000, na zote zimo kwenye daftari la kaunta, na risiti zimebanwa kwa pini. Nilimpigia mkaguzi mmoja Mwanza. Akataka 700,000. Yaani tulipe laki saba tuthibitishiwe kwamba hatukuiba laki nne na thelathini. Wanataka mpango mkakati, sera ya jinsia, sera ya fedha, na andiko la mradi la kurasa zisizozidi 15, kwa Kiingereza. Kijana anayeandika maandiko mjini alitaka 300,000, nusu kabla ya kufungua kompyuta.

Nilimlipa. Naona aibu kulisema, lakini nilimlipa kutoka kwenye mtaji wangu wa dagaa. Aliniletea andiko zuri sana ambamo sikuona neno dumu hata mara moja. Ratiba ilikuwa ya robo mwaka. Nilimwuliza, mwanangu, mbalamwezi iko wapi hapa? Akasema, mama, fomu yao haina mahali pa mwezi.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Mambo mawili. La kwanza, bajeti yetu iko chini ya kiwango cha chini cha mfuko, kwa hiyo tuiongeze. Tuliomba shilingi 1,600,000. Kiwango chao kinaanzia milioni kumi. Na hiyo wenyewe wanaiita ndogo. La pili, hatujaonyesha matokeo kwa vipimo. Hilo lilinichekesha kwa uchungu. Mtoto ambaye hakuzama hana picha, Mhariri. Yuko shuleni anaandika imla.

Bajeti yetu naiweka hapa wazi, wasomaji wajionee. Jaketi okozi 12, kila moja 45,000, jumla 540,000. Kamba ya manila ya kuzungushia eneo la kina kifupi, pamoja na maboya yake, 110,000. Madumu 20, shilingi 30,000. Kukodi mtumbwi wa ulinzi asubuhi 40 kwa mwaka, 200,000. Posho ya wavuvi wawili wanaokaa ndani ya mtumbwi huo bila kuondoa macho majini, shilingi 5,000 kila mmoja kwa asubuhi, 400,000. Kisanduku cha huduma ya kwanza, 80,000. Uji wa watoto wakitoka majini wanatetemeka, 6,000 kwa asubuhi, 240,000. Imetimia. Ukigawa kwa watoto 60, kila mmoja haifiki shilingi 27,000 kwa mwaka mzima. Tungeiongeza vipi ifike milioni kumi bila kudanganya? Kijana wa andiko alikuwa na majibu: semina, fulana zenye nembo, chai ya wageni, gari la kukodi. Gari, kwenye mwalo.

Nilienda pia halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii. Huyu simlalamikii, alinipa kiti na kunisikiliza. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023, na tangu 2024 imerudi. Lakini ile ni mikopo. Haina riba, sawa, ila lazima irejeshwe, na ndivyo sheria ilivyo. "Mama, marejesho yatatoka wapi?" aliniuliza kwa upole. Sikuwa na jibu. Kikundi cha kufuga kuku kitauza mayai. Mtoto anayeelea chali hatoi rejesho.

Kwa hiyo tuko katikati. Sisi ni wadogo mno kwa wafadhili, na kwa halmashauri hatuna faida ya kuonyesha. Naamini hatuko peke yetu. Yuko mzee huko milimani anayefundisha vijana kutambua njia msituni na kuzima moto usifike shambani, wako vijana wa skauti wanaofundisha huduma ya kwanza chini ya mwembe. Wote hao wakisoma tangazo kama hili wanaishia kwenye ukurasa wa pili.

Ninachoomba si kikubwa. Wenye mifuko, na halmashauri zetu, watenge fungu la ruzuku ndogo ya kweli, milioni moja hadi mbili kwa kikundi. Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mtu aijaze kwa kalamu. Mtendaji wa kijiji asaini, mwalimu mkuu wa shule asaini kwamba watoto hao anawajua. Fedha ije nusu kwanza. Nusu ya pili itoke baada ya mtu kuja kuona kwa macho. Na hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria unapaswa kukaa kila miezi mitatu, risiti zikibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mkaguzi wa Mwanza hajui bei ya kamba ya manila Nansio. Akina mama wa kijiji wanaijua mpaka shilingi ya mwisho, na nikisema nilinunua kwa 150,000 watanizomea palepale.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni ya kweli. Vikundi hewa vipo. Fedha za mikopo zimeliwa na watu walioandikisha majina ya shangazi zao, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mikopo isimamishwe. Mimi mwenyewe naweza kukutajia kikundi kilichonunua cherehani moja, kikaipiga picha mara tano. Lakini mkaguzi na mpango mkakati havikuwazuia hao. Wao ndio wenye hela ya kumlipa kijana wa andiko. Kwenye kazi yetu kuna kitu kimoja kinachosaidia: kamba ama ipo majini ama haipo. Njoo saa 12 na nusu asubuhi, mbalamwezi ikiwepo, uihesabu na watoto uwahesabu.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali au ya mashirika makubwa. Yapo yanayofanya, na nayashukuru. EMEDO ya Mwanza, kwa mfano, imelishughulikia suala la watu kuzama katika ziwa hili. Umoja wa Mataifa nao tangu 2021 umeitenga Julai 25 iwe siku ya dunia ya kuzuia watu kuzama. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na usalama wa majini, na watu wa kawaida wafundishwe kuokoa. Ndiyo tunayofanya. Huko Bangladesh watoto wamefundishwa kwenye mabwawa ya kijijini, juu ya majukwaa ya mianzi yaliyozamishwa, na walimu ni watu wa kijiji hicho hicho. Hawakusubiri bwawa la vigae. Nilimwonyesha mwalimu mkuu wetu picha zake kwenye simu, akaitazama ile mianzi kwa muda mrefu, akasema matete yetu yasingehimili lakini nguzo za mkaratusi zingefaa. Tangu siku hiyo anapiga hesabu ya nguzo. Sikuziweka kwenye bajeti, na sasa najuta, maana nimeambiwa niongeze.

Tangazo lina namba ya simu ya maulizo. Nilipiga Jumanne. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, akaniambia mapendekezo kuhusu fomu yatumwe kwa barua pepe, kwa Kiingereza. Basi nimeyaandika hapa, kwa lugha ninayouzia dagaa, nikiamini na wao wanasoma magazeti.

Mbalamwezi ijayo tunapokea watoto 22 wapya. Jaketi tunazo tatu, moja kifungo kimekatika na tumekishona kwa uzi wa nyavu. Kamba ni ile ya mwaka jana, imeungwa sehemu mbili.

Wako,
Mama wa dagaa,
Ukerewe, Mwanza